Hilux yangu, kipupwe cha Tabora na kidude cha pembeni ya pampu

Ukimwambia mtu wa Njombe kwamba Tabora kuna baridi atakucheka, na ana haki. Mchana wa Juni hapa mjini unatembea na shati la mikono mifupi. Lakini mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi anga linakuwa jeupe, hakuna wingu la kuzuia joto la ardhi lisipotee usiku. Ukitoka uani saa kumi na moja alfajiri unakuta nyuzi 14 au 15. Kwangu mimi hiyo ni sweta na kikombe cha chai ya tangawizi. Kwa injini ya dizeli ya zamani iliyolala chini ya mwembe ni habari nyingine kabisa.

Mimi nanunua asali Sikonge na kuiuza mjini, na msimu mkubwa wa kurina unaangukia miezi hiyo hiyo ya kipupwe. Warina asali hawana muda wa kumngoja mtu. Asali ikishatoka porini, mnunuzi wa kwanza kufika ndiye mwenye madumu, wa pili anabaki kusalimia. Kwa hiyo gari lazima iwake alfajiri. Yangu ni Hilux ya dizeli, injini ya aina inayoitwa 3L, ya cc 2,779, pampu ya dizeli ya kizamani isiyojua kompyuta ni nini. Naipenda kwa sababu hiyo hiyo: kinachoharibika kinaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Asubuhi stata inazunguka kwa nguvu, taa ya hita za kupashia silinda moto imewaka na kuzima kama kawaida, injini inashika kwa silinda mbili, inatetemesha bodi zima, na moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi unajaza ua mpaka majirani wanafunga madirisha. Inazima. Unarudia. Ikishawaka unaikanyagia mafuta dakika kadhaa ndipo inanyooka. Mchana haikuwa na neno, unagusa ufunguo tu imewaka, isipokuwa kwenye vilima ilikuwa imelegea, na mimi hilo nilikuwa nalisingizia mzigo.

Kila mpita njia alikuwa na dawa. Mmoja akasema tuweke kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa eakilina. Hiyo dawa naomba asiijaribu mtu. Mvuke wa petroli ukikutana na hita iliyokwisha kuwa nyekundu unalipuka kabla pistoni haijafika juu, na mlipuko wa namna hiyo unapasua pistoni au kupinda konrodi. Mwingine akashauri jiko la mkaa chini ya sampu ya oili, kama wanavyofanya baadhi ya madereva wa malori. Mimi nyuma nimebeba nta na madumu ya plastiki, nilimshukuru tu.

Dalili kubwa niliipata Kigoma. Nilipeleka asali, nikalala kwa shangazi Mwanga, gari ikiwa nje. Alfajiri ikawaka mara moja, moshi hakuna. Kesho yake vilevile. Shangazi akaniuliza huo ugonjwa niliokuwa nikiulalamikia kwenye simu uko wapi. Kigoma iko chini kuliko sisi, maji ya Ziwa Tanganyika yako kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa lenyewe linautunza usiku usipoe sana. Nikarudi na mawese kupitia Uvinza na Kaliua, gari ikalala chini ya mwembe ule ule, na asubuhi ua ukajaa moshi. Betri ni ile ile, nozeli zile zile, pistoni zile zile. Kilichobadilika ni joto la usiku na wembamba wa hewa. Pale ndipo nilipokataa mapendekezo ya kufungua injini kwa ovahaul, maana injini iliyochoka ingechoka Kigoma pia.

Dizeli haina plagi ya cheche. Injini kama hii inabana hewa mara 22 hivi, hewa inapata joto kwa kubanwa, kisha nozeli inarusha dizeli ndani ya joto hilo na dizeli inashika moto yenyewe. Asubuhi ya baridi kuta za silinda zinanyonya joto hilo kabla halijafanya kazi, ndiyo maana kuna hita moja kwa kila silinda. Ila kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi wa mtaani hawalisemi. Dizeli iliyorushwa ndani ya injini baridi inachelewa kushika moto. Ni kuchelewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini pistoni haimsubiri mtu. Ikishaanza kushuka joto linaanguka, na dizeli inatoka nje ikiwa mvuke bila kuungua. Ule moshi mweupe ndio huo. Kwa hiyo injini ikiwa baridi dizeli inatakiwa irushwe mapema kidogo kuliko kawaida, na ikishapata moto irudi kwenye wakati wake, la sivyo itagonga. Na sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, nayo inatakiwa ipande kidogo mwanzoni, injini isizime.

Kazi hizo mbili zinafanywa na kidude kilichofungwa ubavuni mwa pampu, chenye mipira miwili midogo ya maji inayotoka kwenye mfumo wa kupoza injini. Fundi wa kwanza aliyenionyesha alikigonga kwa bisibisi akasema, "Mama, hiki ni cha Wajapani, kule kwao kuna theluji. Huku kwetu ni urembo." Wengi wanasema hivyo, na ukipita gereji zetu utaona Hilux nyingi ambazo kidude hicho kimeng'olewa au mipira yake imeunganishwa pembeni. Mimi nadhani wanakosea. Kidude hakina habari kama uko Japani au Isevya. Kinachokipa amri ni joto la maji ya injini, na maji ya injini iliyolala nje Tabora mwezi Julai yana nyuzi 15.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja mstaafu wa karakana ya reli, ambaye siku hizi anatengeneza pampu na nozeli nyumbani kwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijamaliza kueleza akaniuliza, "Moshi wake rangi gani, mama?" Nikasema mweupe. "Na stata inazunguka upesi?" Inazunguka. Akaitika kwa kichwa. Nilikuja kuelewa kwamba maswali hayo mawili yalikuwa yamekwisha kutenga magonjwa matatu. Stata ikizunguka kivivu, tafuta betri, nyaya na stata yenyewe. Ikizunguka vizuri lakini bomba halitoi moshi kabisa, dizeli haifiki: usiku imerudi tenki kwa sababu mpira umepasuka mahali na hewa imeingia, au ile koili ya kufungulia dizeli kwenye pampu haipati umeme. Ikizunguka vizuri na moshi mweupe ukatoka, dizeli inafika ila haiungui, na hapo unaangalia hita, taimingi (ule wakati wa kurusha dizeli) na kidude cha baridi.

Alianza na hita. Alifungua ule ubamba unaoziunganisha, akachukua taa ndogo ya kupimia, mguu mmoja kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye kichwa cha kila hita. Tatu zikawasha taa, moja haikuwasha. Tukanunua moja, na hapo kuna tahadhari: Toyota za zamani hazitumii hita za volti moja zote. Ziko zilizotengenezwa kwa volti 6, ziko za 11 au 12, na kwa kuzitazama juu juu zinafanana. Ya volti 6 ukiipa umeme wote wa betri muda mrefu inaungua, na ncha yake inaweza kuvimba ikakwama au ikakatikia ndani. Soma namba kwenye hita ya zamani kabla ya kwenda dukani.

Moshi ukapungua, haukuisha. Mzee akainama kwenye pampu na tochi, akacheka peke yake. Kati ya wenzo wa kidude na mwili wake kulikuwa na nati iliyobanwa kwa waya.

Nilipomsimulia historia ya gari akaipanga upya mwenyewe, na mpaka leo naona ule ulikuwa uchunguzi mzuri kuliko wote niliowahi kuusikia kwenye gereji. Mwaka uliotangulia pampu ilivuja ikabadilishwa sili kwenye gereji moja, na ikafungwa upya injini ikiwa baridi. Injini ikiwa baridi kidude kinakuwa kimekwisha kusogeza taimingi mbele. Fundi akapima, akaona taimingi iko mbele mno, akazungusha pampu kuirudisha nyuma mpaka kipimo kikasoma sawa. Maana yake ni kwamba taimingi yangu ilikuwa sahihi pale tu kidude kilipokuwa kwenye hali ya baridi. Na kwa bahati, kidude kilikuwa kimekwama kwenye hali ya baridi moja kwa moja, kwa hiyo gari ilitembea vizuri, ila sailensi haikushuka hata injini ikipata moto. Nikaipeleka kwa fundi mwingine nikilalamikia sailensi tu. Naye akaweka ile nati ili kukilazimisha kidude kikae kwenye hali ya moto. Sailensi ikashuka. Na taimingi ikaachwa nyuma siku zote, baridi kwa moto. Mabovu mawili yalikuwa yanafichana, la tatu likayaumbua. Ule ulegevu wa vilimani niliokuwa nausingizia mzigo ulikuwa huo huo.

Sasa kwa nini kidude kilikwama? Ndani yake kuna nta. Hapo mzee hakuhitaji kunifafanulia, nikamfafanulia mimi. Mtu anayechuja nta ya nyuki anajua kwamba ukiimimina ya moto kwenye ndoo, kesho yake katikati pamezama, kwa sababu nta ikiganda inasinyaa na ikiyeyuka inatanuka. Ndani ya kidude nta ikiwa baridi imesinyaa, kipini kimeingia ndani, na springi inauvuta wenzo kwenye hali ya baridi. Maji ya injini yakipata moto nta inatanuka, inakisukuma kipini nje, na kipini kinaurudisha wenzo mahali pa kawaida. Hakuna waya, hakuna kompyuta. Themostati ya rejeta, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, inafanya kazi kwa kanuni ile ile.

Lakini nta itanuke vipi kama maji ya moto hayaifikii? Mzee aliniambia niguse ile mipira miwili midogo injini ikiwa imepata moto. Mmoja ulikuwa wa moto, mwingine wa baridi. Njia imeziba. Tulingoja injini ipoe, tukapunguza maji, tukakifungua kidude, na ndani palikuwa na tope la kutu. Hayo ni matunda ya kujaza rejeta kwa maji ya kisima miaka na miaka. Siku hizi mjini tuna maji ya Ziwa Victoria, matamu kuliko ya visima vyetu, lakini maji ya bomba nayo si kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu; chuma kinapata kutu vilevile, na tundu dogo kuliko yote ndilo linaloziba kwanza. Mke wa mzee akatuletea sufuria ya maji yaliyokuwa jikoni, akasema tukimaliza tusiirudishe. Kidude kikazama kwenye maji ya moto na kipini kikaanza kutoka polepole. Nta ilikuwa nzima. Kama kisingesogea, au kingesogea huku kinavuja, kingekuwa cha kubadilisha.

Wakati tunarudisha maji akagundua na themostati haipo. Huo ni ugonjwa wa nchi nzima: fundi akiona gari imechemsha anaitoa themostati na kuitupa, eti nchi ya joto haiihitaji. Bila themostati maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, injini inachelewa kupata moto, na asubuhi ya kipupwe ukitembea taratibu haipati moto ipasavyo kabisa. Dizeli inaliwa zaidi, na kidude nacho kinakaa nusu baridi nusu moto bila kujua kifanye nini. Tukarudisha themostati, tukaweka kulanti.

Marekebisho yenyewe yakaja mwisho, na mzee hakuwa na haraka nayo. Kwanza taimingi. Alikuwa na kipande cha chuma cha milimita 9, kimefungwa uzi ili kisipotee, anakihifadhi kwenye kopo la maziwa. Kitabu cha Toyota cha injini hizi kinataka kabla ya kupima taimingi uuzungushe wenzo wa kidude kwa bisibisi kama nyuzi 20, kisha uingize kipande cha chuma cha unene wa milimita 8.5 hadi 10 kati ya wenzo na kipini. Kazi yake ni kuidanganya pampu iamini kwamba injini ina moto. Ndipo unafunga kile kipimo chenye uso kama wa saa nyuma ya pampu na kusoma. Kipande hicho kimoja ndicho gereji ya kwanza haikukiweka. Ukimpelekea fundi pampu yako, muulize anaweka nini hapo. Jibu lake litakusaidia kuamua kama umwachie funguo.

Kisha injini ikawashwa ikapata moto sawasawa, na mzee akathibitisha kwa jicho kwamba skrubu ya sailensi ya baridi haigusi kabisa wenzo wa mafuta. Ikiwa inagusa, utarekebisha sailensi ya kawaida juu ya uongo. Sailensi ya moto akaiweka kwenye mizunguko 700 hivi kwa dakika, kwa kile kipimo cha mwanga kinachosoma karatasi inayong'aa iliyobandikwa kwenye puli ya krenki. Gari yangu haina saa ya mzunguko kwenye dashibodi, na kukadiria kwa sikio kunawadanganya hata wazoefu.

Ya baridi hatukuigusa siku hiyo. "Iache ilale hapa," aliniambia, "na asubuhi asiiwashe mtu." Nilirudi alfajiri nikiwa na khanga juu ya sweta. Akataka kitu cha kuwekea alama kwenye skrubu kabla hajaigusa, chaki haikushika kwenye chuma chenye mafuta, nikatoa rangi ya kucha kwenye mkoba. Tangu hapo sitembei bila hiyo rangi, na kwenye kucha siitumii sana. Hita, stata, ikawaka. Ilikuwa inaunguruma kwa sauti ya kugonga kidogo, ambayo mzee alisema ni haki yake kwa dakika hizo za mwanzo, lakini sailensi ilipanda zaidi ya ilivyohitajika. Akazima, akalegeza nati ya kufungia, akazungusha robo, akafunga. Hapo ndipo palipo na subira yote: ukishaiwasha injini imeanza kupata moto, na kipimo chako cha pili si cha baridi tena. Kwa hiyo ni robo moja, halafu kesho. Asubuhi iliyofuata akaipunguza kidogo tena, ikakaa kwenye elfu moja na kitu, na nikaitazama kwa macho yangu ikishuka yenyewe maji yalipopata moto, wenzo ukirudi polepole bila mtu kuugusa.

Skrubu nyingine za pampu ziache. Kuna ya kiasi cha dizeli na kuna ya mwisho wa mwendo wa injini, zimefungwa kwa sili kiwandani, na mtu mwenye bisibisi na papara anaweza kuzidhania ni za sailensi. Ya dizeli ukiizidisha utapata moshi mweusi na joto linaloweza kupasua silinda hedi, ambayo kwenye injini hizi tayari ni sehemu dhaifu.

Jirani yangu ana Land Cruiser ya injini ya dizeli ya 1HZ ambayo kidude chake kilikatwa zamani, mipira ikaunganishwa. Yeye asubuhi anavuta kitufe cha sailensi cha kwenye dashibodi. Kinasaidia isizime, ila kinapandisha sailensi tu. Taimingi hakiigusi, kwa hiyo tetemeko linapungua na moshi unabaki pale pale. Sasa anatafuta kidude cha mtumba, na kuna mtu Nzega amemwambia anacho. Nimemshauri akifika aombe sufuria ya maji ya moto kwanza, kipini kikitoka ndipo na hela zitoke.